Ukurasa wangu wa linki unapeleka wateja kwa dereva bajaji, natengenezaje mwingine wa bure?

keki_za_tabata

Habari za jioni wanajukwaa, naombeni msaada na msinicheke sana.

Mi naoka keki nyumbani, Tabata huku, za bethdei, za sendofu na zile ndogondogo za maofisini. Mwaka juzi kijana mmoja wa duka la kuprinti alinitengenezea ule ukurasa wa linki, yaani mtu akibonyeza kwenye bayo yangu ya Insta unafunguka anaona WhatsApp, TikTok, ramani ya kufika, vyote sehemu moja. Akanichaji elfu 30. Akanitolea na stika zenye ile QR, yaani ile alama ya kuskani na simu, za kubandika kwenye boksi, nikaprinti 500. Ukaenda vizuri sina la kulalamika.

Sasa mwaka jana nikaenda kijijini kumuuguza mama nikakaa miezi mingi, laini ya biashara ikakaa tu kwenye pochi bila hata vocha, kurudi naiweka kwenye simu haisomi. Nikasajili nyingine maisha yakaendelea, ukurasa nikausahau kabisa. Wiki iliyopita dada mmoja ananifuata Facebook, "mbona umenijibu vibaya?", namwambia mi sijakujibu chochote, akanitumia skrinishoti. Katuma picha ya keki ya ghorofa mbili anauliza bei, kajibiwa "Sista mimi naendesha bajaji Mbezi, keki siuzi, na leo wewe ni wa nne." Kumbe ile namba yangu ya zamani kapewa mtu mwingine na ukurasa bado unaelekeza huko.

Nimetaka kubadilisha namba, pasiwedi sina, imeili aliyotumia ni ya yule kijana, na duka lenyewe siku hizi linauza vifuniko vya simu hakuna anayemjua. Nifanyeje? Na kama kutengeneza mwingine kuna wa bure kweli au ndo naingia elfu 30 nyingine? Natumia simu tu, kompyuta sina.

---

mzee_wa_pembeni

"na leo wewe ni wa nne" 😂😂😂 jamani huyo dereva apewe kipande cha keki

Pole dada. Elfu 30 ulilipia kazi ya dakika kumi, ila usijilaumu, wengi tumelipa.

---

kibatari

Dada twende taratibu, usikimbilie kutengeneza kabla hujaziba panapovuja.

Kwanza leo hiihii ingia Insta, badili prufaili, nenda kwenye linki, toa ile ya zamani. Insta si bado ni yako? Basi. Kama iko Facebook na TikTok nako toa. Weka linki ya WhatsApp ya namba mpya peke yake kwa muda, hio haihitaji ukurasa wowote. Inaandikwa hivi: https://wa.me/ halafu namba yako kuanzia 255, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri, bila nafasi katikati. Mtu akibonyeza inafunguka meseji yako moja kwa moja hata kama hajakusevu.

Ukitaka aje na ujumbe tayari, mwishoni unaongeza ?text= na maneno yako, pale penye nafasi unaweka %20. Mfano ?text=Habari%20naulizia%20keki. Mi napenda hio kwa sababu meseji ikiingia imeanza na hayo maneno unajua huyu katokea Insta, sio shemeji anakopa.

Ukurasa sasa. Wa bure upo na ni bure kweli. Linktree ndo wa siku nyingi, ulianza 2016 kule Melbourne, Australia, kipindi hicho Insta wanaruhusu linki moja tu kwenye bayo. Wa bure unaweka linki nyingi unavyotaka, ila chini kunakaa nembo yao na yale mapambo mazurimazuri wanakudai dola. Achana nayo, mteja wa keki haangalii nembo. Unafungua kwenye simu tu kwa brauza, imeili IWE YAKO, na jina chagua lilelile la Insta, usiongeze namba za ajabu mbele. Wakikuletea ukurasa wa kuchagua mpango wa kulipia, tafuta pa kuendelea na bure, huwa kamekaa kadogo pembeni.

---

Nahodha wa Bandarini

Niko Mombasa lakini hii shida ni moja tu kila pahali. Mimi nauliza, kwani dada anahitaji ukurasa kweli? Tangu Aprili 2023 Instagram wanakubali linki mpaka tano kwenye bayo. Ana WhatsApp, TikTok, ramani, hizo ni tatu. Kwa nini umpe mtu wa tatu mlango wako wa kuingilia? Desemba 2022 Twitter walitangaza kwamba hawataki linki za Linktree wala za Instagram, kelele zikapigwa wakarudi nyuma upesi sana, lakini somo nililipata. Vitu vya bure mwenyewe si wewe.

---

kibatari

Nahodha uko sawa nusu. Shida ya zile tano, mtu hazioni. Anaona ya kwanza halafu pembeni imeandikwa "na nyingine 2", wangapi wanabonyeza hapo? Na boksi la keki halina bayo. Stika inataka sehemu moja ya kwenda. Lakini nakubaliana kwamba ya kwanza kwenye Insta iwe WhatsApp, ukurasa uwe wa pili.

---

keki_za_tabata

Asanteni sana, Insta nimetoa tayari. Ila wakuu mmenikumbusha stika, nimebakiwa nazo kama 300 na zilizoko mitaani kwenye maboksi ya watu sijui. Ile QR siwezi kuibadilisha ielekee ukurasa mpya?

---

msomi_wa_jioni

Hapana dada, QR ya kawaida ni anwani imechorwa tu, kama umeandika kwa wino. Ilivyochorwa ndo hivohivo. Ndo maana watu wanaiweka ielekee ukurasa wa linki badala ya WhatsApp moja kwa moja, namba ikibadilika unaingia ndani ya ukurasa unarekebisha, stika inabaki ileile. Kijana wako aliwaza vizuri, kosa lake ni ile imeili.

Kwa hiyo njia ya kuokoa stika ni kuupata ukurasa wa zamani. Mtafute huyo kijana, ulizia waliokuwa wanaprinti naye, mtaa mdogo huu. Ukimpata usichukue pasiwedi tu ukaondoka, mkae hapohapo abadilishe imeili iwe yako, uthibitishe kwenye simu yako, halafu wewe ndo ubadili pasiwedi. Akikupa pasiwedi tu, kesho akibonyeza "nimesahau" inarudi kwake. Sambamba na hapo waandikie wenye huo ukurasa kwenye sehemu yao ya msaada, ambatanisha picha ya Insta yenye jina lilelile na ya boksi, ila usikae unawasubiri.

Na ukitengeneza QR mpya angalia sana hizi tovuti za QR za bure. Zingine haziweki anwani yako, zinaweka ya kwao halafu ndo inarukia kwako, baada ya muda wanaifunga wanakwambia lipia. Kabla hujaprinti iskani na simu, soma anwani inayotokea kabla hujabonyeza. Ukiona jina usilolijua, acha. Linktree wenyewe wanakupa QR ya ukurasa wako humohumo ndani, tumia hiyo.

---

Bi_Mkora

Naongezea kama mteja. Hizi kurasa zenu mnajaza vitu kumi na nne, linki ya YouTube yenye video moja, linki ya tovuti "inakuja hivi karibuni" tangu enzi za babu. Mi nataka vitu vitatu, kuagiza, BEI, na mko wapi. Bei jamani!! Mtu kaweka keki tamu hapo unauliza bei anakwambia "njoo inbox dia". Nije inbox kufanya nini, nimekuja kwenye ukurasa wako tayari.

---

kibatari

😂 Bi Mkora kasema kwa hasira lakini kasema kweli. Dada bei unaweza kuweka bila gharama, kama unatumia WhatsApp Business kuna katalogi, unapiga picha za keki unaandika na bei, linki yake ni wa.me/c/ halafu namba yako vilevile kuanzia 255. Hio weka iwe ya pili kwenye ukurasa.

Wengine wanaweka picha ya bei Google Drive, sio mbaya, ila wanasahau kufungua ruhusa iwe kwa yeyote mwenye linki, mteja akibonyeza anaambiwa aombe ruhusa kama anaingia ikulu. Ramani ingia Google Maps, tafuta ulipo, bonyeza kushea, kopi. Ila unaoka nyumbani kwako, mi nisingeweka mlangoni kabisa, weka kituo cha daladala au duka la jirani halafu mwelekeze kwa simu.

---

htmlnachai

Kwa wengine wanaopita hapa na wana laptop, GitHub Pages, sehemu ya kuweka ukurasa wako mtandaoni, ni bure na ukurasa ni wako mwenyewe, unaandika faili moja la html (lugha ya kuandikia kurasa), linki tano, kwisha, unafunguka haraka hata bando likiwa la mwisho. Carrd, tovuti ya kutengenezea kurasa ndogo, pia nzuri, bure unapata kurasa tatu. Dada kwako wewe hapana, baki na alichosema kibatari.

---

keki_za_tabata

Wakuu nimetengeneza!! Imenichukua nusu saa kwa sababu mtoto alikuwa anataka simu. Ila nabonyeza WhatsApp inaniambia namba si sahihi. Nimeandika 255 halafu 07 na zilizobaki.

---

mzee_wa_pembeni

Sifuri hiyo dada

---

kibatari

Sifuri. Baada ya 255 inakuja 7 au 6 moja kwa moja. Ukitoa, jaribu kwa simu ya mtu mwingine sio yako, na fungua ukitokea ndani ya Insta, sio kwenye brauza tu, maana wateja watapitia huko.

---

keki_za_tabata

Imekubaaaali! Nimejaribu kwa simu ya jirani meseji ikaingia kwangu na yale maneno "naulizia keki". Nimeweka vitatu tu kama alivyosema Bi Mkora.

Kijana bado sijampata, nimeambiwa yuko Kahama. Stika zile 300 mume wangu kasema tuprinti QR mpya ndogo tubandike juu ya ile ya zamani, tumejaribu kwenye boksi moja haionekani vibaya, ila lazima ifunike yote, ya kwanza nilibandika kona ikabaki ikawa haisomi kabisa.

Na dereva bajaji nimempigia nikamwomba radhi. Ni mtu poa sana, kumbe ameshaandika namba yangu mpya kwenye karatasi kaibandika kwenye kioo cha bajaji maana yule dada wa Facebook alimpa, mtu akimtumia meseji ya keki anamwelekeza kwangu. Kaniletea wateja wawili wiki hii. Jumamosi nampelekea keki.

---

abiria_wa_mwisho

Nimesoma uzi wote nimepata njaa. Ya kilo moja ya vanila shilingi ngapi?

---

keki_za_tabata

Njoo inbox dia

---

Bi_Mkora

WEWE

---

keki_za_tabata

😂😂 Natania jamani, iko linki ya pili.