Shimo la kuzikia vyanzo vya mionzi: saruji ya kujazia ipewe daraja gani la usalama?

Granaiti_Dom
Habari wakuu. Zoezi letu hapa Dodoma ni kusanifu shimo la mita 100 kwenye granaiti, kipenyo sentimita 26, la kuzikia vyanzo vya mionzi vilivyokwisha kazi: sesiamu-137, amerisiamu-241 na radiamu-226. Kwenye kikundi wapo wanaotaka saruji ya kujazia iwe daraja la 3 (lenye ukaguzi mwepesi) kwa kuwa ni ya dukani. Wengine wanataka kila kitu kiwe daraja la 1 (lenye ukaguzi mkali zaidi). Nani yuko sahihi?

Mkaguzi_Mshono
Hakuna, mkuu. Daraja halifuati bei wala duka. Uliza: kitu hiki kikishindwa, nani atapata dozi ya mionzi, lini, kiasi gani? Tengeneza orodha mbili, moja ya wakati wa kazi, nyingine ya baada ya kufunga. Winchi ikiangusha kasha lenye chanzo cha mionzi, mfanyakazi anaumia leo. Shimo likishafungwa, winchi haina kazi tena. Saruji ni kinyume chake. Alkali yake, pH zaidi ya 12, ndiyo inayolilinda kasha la stenlesi, na ndiyo inayoziba njia ya maji. Radiamu hupungua nusu kila miaka 1,600, na hakuna atakayeshuka kukarabati. Kigezo cha IAEA (shirika la kimataifa la nishati ya atomiki) baada ya kufunga ni dozi ya milisiveti 0.3 kwa mwaka kwa mwananchi, na hesabu hiyo inaitegemea saruji. Kwa hiyo ipande juu kwenye orodha ya pili. Uzio ukiupa daraja la 1 nao, mkaguzi atamaliza siku kwenye nguzo huku mshono wa kasha ukipita bila kupimwa uvujaji.

Kisima_Kirefu
Naongezea upande wa kazi yenyewe. Visima vingi vya huku kwetu vina chumvi, na kloridi hutoboa stenlesi vitundu vitundu. Pimeni maji ya kuchanganyia, pimeni na yanayotoka kwenye mwamba. Saruji isimwagwe kutoka juu: itajitenga na kuacha mapengo. Isukumwe kwa bomba kuanzia chini kwenda juu, kesingi (bomba la kukinga kuta za shimo) ikiwa imeshikiliwa katikati. Linganisheni ujazo ulioingia na ule wa hesabu. Ukipungua, kuna pengo. Ukizidi sana, mwamba una ufa. Hapo kazi isimame mpaka mkaguzi asaini. Vipande vya majaribio vivunjwe siku ya 7 na ya 28, na namba ya shehena ya saruji iandikwe.

Orodha_Q
Anayedharau vitu vya dukani aangalie WIPP, kituo cha kuzika taka za mionzi Marekani, mita 655 chini ya ardhi. Februari 2014 pipa la taka lililotoka maabara ya nyuklia ya Los Alamos lilipasuka kwa sababu kifyonzi (kitu cha kunyonya majimaji) cha madini kilibadilishwa na cha ngano, kikapambana kikemia na chumvi za naitreti na kuzalisha joto. Kituo kilifungwa karibu miaka 3. Kwenye orodha zenu ongezeni safu ya mabadiliko: aina ya saruji ikibadilika, hata kwa sababu ya uhaba tu, mkemia na msanifu wasaini kabla ya kuchanganya.