Mafundi wa piano, kila mkwaruzo lazima uwe "ubao wa sauti umepasuka"?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Piano yangu ilianza kutoa "zzzz" nikibonyeza A iliyo chini ya C ya kati. Noti nyingine zote safi. Nikamwita fundi. Akamulika tochi nyuma, akaona ufa kwenye ubao wa sauti (ule ubao mpana unaokuza mlio wa nyuzi), hukumu ikatoka palepale: nyuzi zote zing'olewe, ubao ubadilishwe. Hata kuniomba nibonyeze ile noti asikilize, hakuniomba!

Jamani, ubao ni mti. Ukikauka unapasuka, na piano kibao zina nyufa na hazikoromi. Ufa unapiga kelele pale kingo zake zinaposuguana, au mbavu ya nyuma, yaani kipande cha mti kinachoushikilia ubao, ikibanduka gundi. Unaujaribu kwa kuukandamiza kidole huku mwenzako anapiga noti. Kelele ikiendelea vilevile, mwizi yuko kwingine.

Halafu anang'ang'ana eti noti moja tu ikikoroma, tatizo ni la ndani. Nani kakufundisha? A hiyo ni 220 Hz, yaani mitikisiko 220 kwa sekunde, lakini imebeba pia 440, 660 na kuendelea juu. Kitu chochote kilicholegea kinachopenda kutikisika kwa mojawapo ya hizo kitaitikia noti hiyo na kunyamazia nyingine. Kinaweza kuwa kioo cha picha ukutani, skrubu ya stendi ya nota, au penseli iliyodondokea ndani.

Alipoondoka nikamweka mdogo wangu abonyeze A bila kupumzika, mimi nikapita na mkono, nashika kimoja kimoja. Nilipofika bawaba ndefu ya mfuniko: kimya. Nikaachia: zzzz. Pini yake inacheza! Nikaichomoa, nikaipinda kidogo sana, nikairudisha. Kwisha habari.

Sisemi kila kelele ni ya bawaba. Shaba iliyozungushwa kwenye nyuzi za besi hulegea kweli, na hapo fundi unamhitaji. Lakini fundi anayesikiliza kwanza, siyo anayekuja na bei ya ubao mdomoni.

Huyu wangu sasa ananitumia meseji kila siku, anadai hela ya ukaguzi. Mafundi mliomo humu, nijibuni: ukaguzi upi huo?