Naomba ushauri: niuze gemu zangu za zamani au nivumilie?

Wakuu, habari za leo. Nina mashine za gemu (Sega Mega Drive moja, PS1 na PS2 mbili), kaseti na CD kama 60, nilizookota miaka mingi kwa mafundi wa Kariakoo na Temeke. Zamani nikisikia mtu anatupa TV ya chogo, napanda daladala usiku huohuo kuifuata nichezee gemu. Siku hizi hata vumbi sifuti. Unyevu wa Dar unaotesha CD ukungu, na kaseti mbili vijibetri vya kuhifadhi ulipofikia vimekufa. Mke anadai kabati lake (ana haki).

Waliopitia hili, hamu hurudi? Nikiuza, niuze moja moja au mzigo mzima? Ile PS2 nene moyo unakataa kabisa.