Mbalamwezi ndiyo msimu wangu wa kipigo. Nahamaje kisiwa na watoto wawili?

Habari zenu wapendwa. Niko kisiwa kimoja huku Ukerewe, jina lake naomba nisilitaje. Mume wangu ana mitumbwi miwili ya dagaa. Wanaoijua kazi hii wanajua, mbalamwezi ikikolea taa haziwavuti dagaa, mitumbwi inapumzika, wanaume wanashinda mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wakinywa. Siku hizo ndizo zangu. Mwezi uliopita alinipiga kafi, mkono ukavimba, nikaanika dagaa kwa mkono mmoja wiki nzima. Majirani wananipa pole ya kuteleza kwenye mawe. Wanajua.

Nina mtoto wa miaka 9 na wa miaka 5. Nimeficha 180,000 kwenye kopo, juu nikafunika chumvi. Mdogo wangu yuko Katoro, mkoani Geita, anauza nguo, ananiita. Mume anasema niondoke hata leo, ila watoto ni wa ng'ombe wake tisa wa mahari. Hapo tu ndipo ninaponasa. Nikiondoka nao si atasema nimeiba?

MZEE WA KIGONGO: Pole binti yangu. Lakini ndoa ni kuvumiliana. Waite wazee wa pande zote mbili mkae chini.

MAMA DOTO: Shikamoo mzee. Wazee gani, hao waliokula ng'ombe? Kafi ikitua kichwani watakaa chini kweli, ila itakuwa matangani.

SANGARA MBICHI: Dada, usishukie bandarini Mwanza, vijana wake wa mwalo wa Kirumba watakuona. Pita Rugezi, vuka Kisorya, panda gari la Bunda. Kwenda Geita siku hizi kuna daraja la Kigongo–Busisi, hakuna kungoja kivuko.

MAMA DOTO: We Sangara! Mume naye akisoma?

SANGARA MBICHI: Dah. Kufuta kumegoma. Dada, njia hiyo isahau, ibaki chambo.

KARANI MSTAAFU: Nimekaa mahakama ya mwanzo miaka mingi, nisikilize. Mama kuondoka na watoto wake akikimbia kipigo si wizi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye ndoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kifungu cha 125, mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kwamba ni heri akae na mama, mpaka anayepinga aonyeshe sababu. Huyo wa miaka 9 mahakama itaangalia maslahi yake na inaweza kumsikiliza mwenyewe. Ng'ombe hawamo.

Ila usiondoke mikono mitupu. Maadamu alama bado zipo, nenda polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, wakupe PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, daktari aijaze, na namba ya RB, yaani ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, uishike kichwani. Nimeona wanawake wengi wenye haki yao wakishindwa kwa kukosa karatasi hiyo moja. Chukua na kadi za kliniki. Uhamisho wa shule utafuata ukishatulia, usimuage mwalimu sasa.

Talaka utaanzia baraza la usuluhishi la kata. Na ile mitumbwi usiiache hivi hivi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango kwenye mali. Wewe umeanika dagaa juu yake!

MAMA DOTO: Laini yako ya simu imesajiliwa kwa jina la nani? Kama ni lake, usiweke hata shilingi humo.

MWENYE UZI: Ni lake. Asante, sikuwaza kabisa. Hapa naandikia simu ya jirani.

MZEE WA KIGONGO: Binti, sikujua habari ya kafi, nilisoma juu juu. Nenda.

MWENYE UZI (baada ya siku sita): Nilisema nafuata dawa ya minyoo ya mtoto, nikapita polisi. Askari wa kike alinikalisha chumba cha pembeni, akaandika polepole, hakunikatisha. PF3 imejazwa, picha yake iko kwa mdogo wangu. Giza la mwezi limeanza. Jioni hii wameshusha mitumbwi yote miwili, na yeye yumo. Mkubwa kaniuliza mbona navaa viatu usiku, nikamwambia kliniki wanafungua mapema. Kopo la chumvi nimelibeba lilivyo.