"Mpishe mtoto apige na simu": nimedhalilishwa Mikindani leo

Wakuu, mikono bado inanitetemeka. Yule jamaa wa bendi mnamjua, yule wa miwani myeusi mpaka msibani. Simtaji.

Picha ya kundi zima wameitaka wao. Nikawaambia njooni saa kumi pale boma la Mjerumani, jua limelainika, ukuta upo tangu 1895, hauna haraka. Sare nikawapangia rangi mbili tu. Bwana mkubwa kaja saa kumi na moja na nusu, jua linaaga, kavaa shati la kumeremeta. Nikanyamaza. Mpiga ngoma nikampandisha ngazini, waimbaji mbele, warefu nyuma, tundu la lenzi nikalibana mpaka f/8 ili wa nyuma wasitoke ukungu, taa nikaongeza kufidia jua. Nimeinama, kidole kwenye kitufe, eti: "Hebu mpishe mtoto apige na simu, simu inang'arisha."

MPISHE MTOTO! Mtoto mwenyewe mpwa wake, lambalamba mkono mmoja, simu mkono wa pili! Na watu wazima wote wakamchekea. Mimi muda wote nawabembeleza wacheke, wananitazama kama nimekuja kudai kodi. Kamera nitailipia mkopo mpaka kiama, halafu mpishe mtoto!

Pweza_Mkavu: Pole mkuu. Ila picha nimeiona stetasi, dogo anajua. Muajiri.

Binti_Shangani: Ana lambalamba na bado kakufunika 😂😂

Mleta uzi: Kamfunika bibi yako. Watu wameng'arishwa mpaka pua hazipo!

Mzee_wa_Feri: Mbona mpiga ngoma hana kichwa?

Mleta uzi: Si ndiyo huyo dogo anayejua! MPISHE MTOTO!

Alto_Ligula: Bora wewe. Fundi katushonea vitenge vya kwaya, mgongoni ndege wote miguu juu. Picha tumepiga tumeegemea ukuta, hakuna kugeuka.

Pweza_Mkavu: Fundi yule wa karibu na soko? Suruali yangu ya Idi iko kwake, na Idi nyingine hiyo inakuja.

Binti_Shangani: Kumbe ni huyo huyo! Ana blauzi yangu, kila nikienda "imebaki vifungo tu".

Mleta uzi: Jamani uzi ni wa picha. Mtu mzima naambiwa mpishe...

Mzee_wa_Feri: Subiri kidogo mkuu. Alto, hao ndege kakutozeni bei gani?