Koti la manyoya ya bata au la poliesta kwa Kilimanjaro mwezi Desemba?

Kijana_Tabata: Wakuu, heshima kwenu. Napanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, tunataka tuwe kileleni Desemba 9, tarehe ile ile Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera mwaka 1961. Nimekulia Dar, baridi naisikia kwa watu tu. Hela yangu inatosha koti moja zito la usiku wa kilele. Nimeona mitumba miwili: moja la manyoya ya bata, jepesi ajabu, ukilikunja linabaki kama mkate. La pili limejazwa poliesta, zito kiasi, bei karibu nusu. Muuzaji anasema yote sawa. Nichukue lipi?

Mzee_wa_Marangu: Kijana wangu, hayako sawa hata kidogo. Kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa ndani ya koti, na kwa uzito ule ule manyoya yananasa hewa nyingi zaidi. Ila yakilowa yanashikana mabonge, hewa inakwisha, unabaki umevaa kitambaa cha maji. Poliesta ikilowa bado inakusaidia kiasi, na inakauka upesi.

Sasa tazama njia yako. Kutoka getini hadi Mandara, kituo cha kwanza cha kulala, ni msitu, na mwanzoni mwa Desemba vuli inaweza kuwa haijaisha. Kuanzia kibanda cha Kibo, cha mwisho kabla ya kilele, mita 4,720, mnaondoka kama saa sita usiku kwenye baridi kavu ambayo huko juu hushuka hata 15 chini ya sifuri. Hapo chukua manyoya. Lifunge ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji, liweke katikati ya begi, na msituni usiliguse. Wengi makoti yao hulowa huku chini, ndani ya begi, hata hawajaliona barafu.

Nanyuki_Kwetu: Mzee shikamoo, lakini mimi ningemwambia poliesta. Sisi Mlima Kenya tunalala kwenye hema. Pumzi inaganda juu ya kitambaa, jua likitoka inakudondokea yote. Siku ya nne manyoya yamelegea kabisa.

Mzee_wa_Marangu: Marahaba. Kwa hema nakubaliana nawe. Marangu wanalala kwenye vibanda, ndiyo maana nimesema hivyo.

Mama_Mitumba_Moshi: Mwanangu, kwa kuwa ni mtumba, shika koti lenyewe kwanza. Lifinye kwenye ngumi muda kidogo, uachie. Likifura lenyewe, bado zima. Poliesta iliyobanwa kwenye robota miezi na miezi huwa imeshalala, hata ukiipigapiga hairudi. Manyoya mazuri hurudi. Papasa na mshono: vijiti vingi vikikuchoma, humo kuna manyoya magumu mengi, laini machache. Ukisikia harufu ya uvundo, liliwahi kulowa likahifadhiwa bichi. Liache hapo hapo.

Kijana_Tabata: Asanteni sana. Nimerudi dukani, la poliesta limebaki bapa, la manyoya limefura. Nimelichukua. Je, nalifua kwa sabuni ya unga?

Mama_Mitumba_Moshi: Hapana, sabuni kali inamaliza mafuta ya manyoya. Tumia sabuni laini kidogo sana, suuza mpaka povu liishe, usilikamue kwa kusokota. Lilaze kivulini, kila mara uvunje mabonge kwa vidole. Linachukua siku kadhaa, kwa hiyo anza wiki hii.