Fundi alizima ulinzi wa mashini yetu, akaweka kraki, na hakusema hata neno

Bayaya na bandugu wa Lubum (Lubumbashi) na kwingine kote, leo naandika na hasira na sitaificha. Wale mafundi wa kuformate mashini, yaani kufuta kompyuta na kuweka Windows upya, mu ville na kule komini ya Kenya hapa Lubum, nawauliza kitu kimoja: mukimaliza kazi na kumurudishia mtu mashini yake, juu ya nini hamumuambii kama mulizima ulinzi?

Hii mashini ni ya nyumba nzima. Ni okasion, tulichanga mimi na yaya yangu ndio tukaipata. Mdogo wetu wa mwisho anaandikia humo memware yake ya chuo, mama anaangalia humo picha za marehemu baba zenye tuliskani mwaka ule wa matanga, mimi napigia humo hesabu za vitambaa vyangu. Ikaanza kulegea, nikaipeleka kwa fundi. Akasema, "Mama, hii inaomba kuformate, dola 15, na nikuwekee antivirusi ya maisha yote, dola 10 tena." Nikalipa zote 25, makuta ya jasho. Kesho yake akanirudishia, mashini inaruka sawa mpya, Word iko, kila kitu kiko, nikamushukuru na kumuombea baraka.

Wiki tatu tu.

Siku ya Ijumaa umeme ukarudi saa moja ya magaribi, mdogo wangu akakaa afungue memware, Word ikakataa. Akajaribu ingine, ikakataa. Picha za baba zote zimekuwa vikaratasi vyeupe, na nyuma ya kila jina la faili kuna herufi ine zenye hatukuwahi kuona. Ndani ya kila dosie kumewekwa faili moja ya maandishi, inaitwa _readme.txt, ukiifungua inasema ulipe dola 980, lakini ukiwaandikia mbele ya masaa 72 kwisha utalipa 490. Dola 490! Mtoto alikaa chini kwa sima, hakulia, aliangalia tu ukuta. Kurasa 62 za memware.

Huyo mududu ana jina, ni STOP, wengine wanamuita Djvu, na njia yake kubwa ya kuingia inajulikana miaka mingi: ni kraki, zile programu za wizi za kufungua Windows na Word bila kulipa. Anafunga faili na ufunguo wenye wezi peke yao ndio wako nao. Tulikuwa hata na disk ya nje ya kuwekea kopi, lakini ilikuwa inakaa imechomekwa mchana na usiku, basi nayo ilifungwa yote. Hiyo ni kosa letu na nalikubali, kopi inachomolewa ukimaliza na inawekwa kabatini.

Nikarudi kwa fundi. Unajua alinijibu nini? "Mama, hiyo ni intaneti yenu, munafunguaka paka mambo ya ovyo."

Nikanyamaza. Jumapili akakuja binamu yangu mwenye anafanya kazi ya mitandao, akafungua "Sécurité Windows", pale mlinzi wa Windows anapangiwa kazi, mbele yetu wote. Mstari wa "Protection en temps réel", yaani ulinzi wa kila dakika, umezimwa. Akashuka chini pale kwenye "Exclusions", yaani orodha ya vitu vyenye mlinzi anakatazwa kuangalia, tukakuta kumeandikwa kitu kimoja tu: C:\. Binamu akashika kichwa. Nikamuuliza maana yake nini, akasema yaya, hiyo ni disk yote. Ni sawa unaleta sentineli kwa parsele, unamulipa, halafu unamuambia usiangalie geti, usiangalie ukuta, usiangalie nyumba. Kisha akafungua jurnali ya Windows, kuna alama namba 5001 na 5007, ndipo Windows inaandika siku na saa ulinzi ulizimwa au ulibadilishwa. Tarehe ilikuwa ile siku mashini ililala kwake! Si kwangu, si kwa mtoto, kwake!

Na ile antivirusi ya maisha yote ya dola 10 nayo ni kraki. Nililipa mtu makuta ili aniwekee wizi juu ya wizi, wakati mlinzi wa Windows anakuja ndani ya Windows 10 bure kabisa, huhitaji kununua kitu, unahitaji tu fundi asimuue.

Fundi atasema tena mdogo wangu ndiye alileta mududu, kweli Alhamisi alidaunlodi programu fulani ya kugeuza PDF. Sawa, na iwe ni yeye. Mtoto anakosea, ndiyo maana mlinzi anawekwa! Angekuwa macho, alikuwa na nafasi ya kuishika. Wewe ulimufunga macho na hukusema.

Na tulikuta mise à jour, zile dawa mpya Windows inajishushia kwa intaneti, nazo amezikata, juu eti zinakula mega. Ni kweli zinakula, forfe ya intaneti sisi wote tunajua bei yake. Lakini mu 2017 Microsoft ilitoa dawa ya tobo moja tarehe 14 Machi, na tarehe 12 Mei WannaCry, mududu mwingine wa kufunga faili, ikapita paka mu tobo ile ile, nchi zaidi ya 150, mpaka hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa. Wenye walikuwa wameweka dawa, haikuwagusa. Ukiona mega ni kidogo, weka "connexion limitée", ya kuambia Windows mega zako zinahesabiwa, au chukua faili ya antivirusi kwa sayiti ya Microsoft ukiwa mahali penye wifi, ulete na fulashi. Fundi anajua hayo yote, au kama hajui, aachane na mashini za watu.

Kwa hiyo leo usiku, kila mwenye mashini yake ilipita kwa fundi, afungue hiyo "Sécurité Windows" aende mpaka kwenye exclusions. Ukikuta C:\ piga picha ya ekra mbele ya kuitoa, uende umuoneshe fundi ana kwa ana. Angalia tena kama aliacha AnyDesk ama TeamViewer humo bila wewe kujua, ile inamuruhusu kuingia kwako akiwa kwake.

Na kama kuna mtu humu alifungwa na Djvu akapata faili zake, aniandikie tafadhali. Nasikia kuna kifungulio cha bure cha Emsisoft tangu 2019 lakini kwetu kinajibu ufunguo ni wa "online", yaani ule wezi peke yao ndio wako nao, haiwezekani. Disk tumeichomoa, hatuifuti, tunangojea. Mdogo wangu amepata kwa direktere wa memware yake kopi ya karatasi ya chapita mbili za kwanza, zimejaa wino wa biki nyekundu kila mahali, na tangu jana anazipiga upya, mimi namusomea.